Barua ya wazi kwa mnaoendesha gemu za onlaini: mi mnanifungia kwa umeme kukatika, mkomoaji mnamwacha

Wakubwa wa gemu, shikamooni kama mmenizidi umri, kama hamjanizidi basi mambo vipi. Naandika kutoka Kijenge hapa Arusha, mi ni dada wa miaka 29, mchana niko steshenari natoa kopi na kulamineti vyeti vya watu, usiku nikishafunga nachezaga gemu kwa simu, ile ya kushuka na parashuti, skwadi ya watu 4. Jina la gemu silitaji, mwenye nayo anajijua, na wengine wote mnaofanya hivyohivyo mjihesabu humo. Niwaambie mapema tu kwamba mi ni Mpare, na kwa msiojua sisi tunasemwaga Mpare anauza ng'ombe ili ashinde kesi ya kuku, kwahiyo msikae mkitegemea kwamba nitachoka.

Kesi yenyewe iko hivi. Jumamosi tuko mtandaoni, mi, mdogo wangu wa kidato cha pili, na chalii mmoja wa Kibosho mwenye duka la vifaa vya simu pembeni yetu. Wa nne mwenzetu bando lilimwishia, sistimu ikatuokotea mtu. Huyo mtu tangu tuko kwenye ndege kimya, tukajua labda mgeni haelewi lugha. Tumeshuka, tumeokota vitu, yeye kapata gari, kapiga honi, tukapanda wote nikasema moyoni kumbe mtu mzuri. Akaendesha vizuri kabisa mpaka darajani halafu akakata kona akatuingiza mtoni, yeye kesharuka. Tukasema bahati mbaya, magari ya gemu yanatelezaga. Tukaogelea tukatoka. Mbele kidogo dogo akadondoshwa na watu wa ng'ambo, anatambaa ndani ya nyumba anaomba afufuliwe, nakimbia kumfuata, yule jamaa katangulia kasimama mlangoni. Nyumba ina mlango mmoja. Hanipigi, hafanyi kitu, kasimama tu, na mi siwezi kupita. Sekunde za dogo zinaisha naziona. Nikamwandikia jamani nipishe. Ndo akafungua maiki kwa mara ya kwanza, Kiswahili safi kabisa: "Si upite." Na kicheko.

Dogo akafa. Chalii wa Kibosho akatupiwa chupa la moto na huyohuyo. Mi nikaanza kumkimbia mtu wa timu yangu, yaani hebu fikirini, maadui niko nao tayari halafu natembea nikigeuka nyuma kumwangalia mwenzangu yuko wapi. Duara la kuchezea likazidi kufunga, mechi nzima tukabaki watu 9, na hapo umeme wa mtaa mzima ukakatika, waifai ikafa, mpaka nimewasha data na gemu imefunguka upya mmeshaniandika nimetoroka mechi.

Adhabu yangu saa 24 nisicheze mechi za renki, zile za kupanda daraja, pointi mmekata, na ujumbe wa kunifundisha adabu juu, kwamba kuondoka katikati ya mechi kunaharibu furaha ya wachezaji wenzako. Wenzangu gani? Mmoja alikua ameshakufa ndani ya nyumba, mwingine ameshaungua, na wa tatu ndo huyo anacheka. Yeye nilimripoti, tulimripoti wote watatu, mkajibu ndani ya dakika moja asante kwa kutusaidia kuweka mazingira mazuri. Juzi nimemuona kwenye lobi, pale tunaposubiria mechi, kavaa skini mpya, yale mavazi mnayotuuzia.

Sasa naomba tuelewane, sina kesi na mtu aliyenifunga. Ukiniotea kwenye majani ukaniua kwa ujanja umeniweza, nakupa heko. Asiyejua kucheza nae sina kesi nae, wote tulianza hivyo, mi mwezi wa kwanza nilikua najilipua na bomu langu mwenyewe. Hata rafu za hasira za mara moja moja tunasameheana. Ninayemsema hapa ni mkomoaji, mtu anayeingia gemu hataki kushinda wala hajali kushindwa, raha yake yote ni wewe ukasirike. Anatafuta ile sauti yako ikianza kutetemeka. Ndo maana mkimsaka kwa kuhesabu vifo na pointi hammpati, maana anacheza ndani ya sheria zenu zote, kuendesha gari ruksa, kusimama mlangoni ruksa, kuacha kumfufua mwenzako ruksa. Mtambo wenu unaona waya umekatika unaniadhibu mimi, nia ya mtu hauioni kabisa.

Nje ya steshenari yetu kuna kijiwe cha drafti, wazee wastaafu na madereva wa vifodi, daladala za hapa, wanaosubiri zamu, ubao umechorwa kwa kalamu na kete ni vizibo vya soda. Mtu akipigiwa simu akaondoka katikati ya mchezo anaambiwa nenda, vizibo vyako tunavilinda. Akija mwingine akapangua ubao kwa mkono makusudi, siku hiyo hakai tena, na kesho akirudi anaanza kwa kuwanunulia watu wote kahawa na kashata ndo azungumzwe. Sijawahi kuona pale wakiwachanganya hao watu wawili, na hamna aliyesomea kompyuta.

Ya dogo nataka niiseme kwa urefu kidogo maana ndo iliyonifanya nikae niandike.

Likizo ya Desemba dogo na wenzake watano wa darasani walijenga Arusha nzima kwenye ile gemu ya vibloku. Nzima nasema. Walianza na Mnara wa Saa na keep lefti yake, wakaja uwanja wa Sheikh Amri Abeid mpaka majukwaa, soko la Kilombero, vifodi wamevipanga kwa vibloku vyeupe foleni ndefu kama kweli, na nyuma ya yote Mlima Meru. Walibishana siku mbili juu ya Meru, kwamba upande wa mashariki umebomoka lazima nao uonekane umebomoka, mmoja akampigia mjomba wake anaongozaga watalii ili wapate hakika. Mi nilikua nawapigia kelele za bando lakini kimoyomoyo nilikua najisikia raha, maana dogo hata jina la barabara ya nyuma ya soko alikua halijui, alijifunza kwa kwenda kuiangalia ili aijenge.

Kwenye ile sava, yaani sehemu ya mtandaoni walipokua wanajengea, wakapata rafiki. Mtu mkubwa kwa sauti, mpole, akawasifia sana, akawasaidia kubeba vibloku, akajenga nao paa la soko wiki mbili karibu kila jioni. Wakampa ruhusa ya kujenga popote. Usiku mmoja wamelala akamwaga lava kutoka juu ya Meru ikashuka mpaka mjini, akajaza baruti chini ya Mnara wa Saa, na palipokua sokoni akasimika kibao kimeandikwa "poleni watoto".

Wiki mbili! Hapo ndo huwa nasimama nashindwa kuendelea. Mtu ana kazi au ana shule, ana mama, anatumia wiki mbili za maisha yake kujenga paa pamoja na watoto wa miaka 13 na 14 ili tu lile paa likivunjika liume zaidi. Asubuhi ile nilimkuta dogo hana simu mkononi, simu ameilaza kifudifudi mezani, yeye yuko nje anaosha viatu vya shule na shule inafunguliwa wiki mbili mbele. Sikumuuliza. Aliniambia jioni.

Nikamwandikia msimamizi wa sava. Akajibu kwamba lava na baruti vinaruhusiwa kwenye gemu na watoto ndo waliotoa ruhusa wenyewe. Kwahiyo fundi ukimpa funguo ajenge choo akachoma nyumba, kosa la mwenye funguo. Na wakati programu za sava zinazoandika kila kibloku kimewekwa na nani saa ngapi, na zinazoweza kurudisha kila kitu kilivyokua jana, zipo miaka mingi na nyingine za bure. Alikua hajaiweka. Alisema inakula nafasi.

Msiniambie kwamba hili jambo ni jipya mnalichunguza, mnalijua toka mimi niko chekechea. Ultima Online ilifunguliwa 1997 na hapohapo wageni wakawa wanaviziwa nje ya mji wanauliwa na kuvuliwa kila kitu, mpaka mwaka 2000 wenye gemu wakaigawa dunia mara mbili, moja ya kuuana kwa anayetaka na nyingine huwezi kumgusa mtu asiyekubali. World of Warcraft 2006, wachezaji walikua wamekusanyika humo ndani kumzika mwenzao aliyefariki kweli, sio kufa kwa gemu, kufariki, na kundi lingine likavamia msiba likawaua wote huku wanarekodi. Kwetu hata anayekudai hakudai msibani. Na hao waliovamia walijitetea kwa maneno yaleyale ya msimamizi wetu wa sava, kwamba sheria za gemu zinaruhusu.

Na dawa pia mnazijua. Rainbow Six Siege mwaka 2019 waliweka kitu nilichokipenda sana, ukimuua mwenzako wa timu, aliyeuliwa ndo anaulizwa: alikusudia au bahati mbaya? Akisema alikusudia, kuanzia hapo risasi unazowapiga wenzako zinakurudia mwenyewe. Mmeona hilo swali? Wamemuuliza mtu aliyeumizwa juu ya nia. Counter-Strike nao toka 2013 walikua na utaratibu wachezaji wazoefu wanaletewa marudio ya mechi, jina la mtuhumiwa limefichwa, wanaangalia wanahukumu, na kati ya makosa yaliyoorodheshwa pale hilo la kukomoa wenzako lilikuwepo kwa jina lake kabisa. League of Legends walikua na baraza lao kuanzia 2011, watu wanasoma walichoandikiana kwenye mechi wanapiga kura aadhibiwe au asamehewe, ila walilifunga 2014. Lawama kubwa ilikua kuchelewa, hukumu inakuja mtu ameshasahau kosa. Sawa, lakini kati ya kuhukumiwa polepole na watu na kuhukumiwa haraka na kitu kisichojua kama Kijenge umeme umekatika, mi nachagua watu.

Kuna na waliomaliza shida kabla haijazaliwa. Journey ya 2012, wawili mnatembea jangwani hamjuani. Walipokua bado wanaitengeneza waliweka miili iweze kusukumana, wakidhani watu watasaidiana kupanda, kumbe watu wakawa wanasukumiana shimoni. Wakaondoa kusukumana, basi. Kwahiyo hata mlango wa nyumba yenu mnaweza kuutazama upya, kwani kuna faida gani mtu wa timu yangu kunizuia kupita?

Haya njooni kwenye lugha, hapa ndo mnanichekeshaga na kunikera kwa pamoja. Kuna siku niliwaandikia wenzangu "nimeshituka", mkafunika kwa nyota. Nikaandika nitawafungulia mashitaka, nyota tena. Dogo akaandika fagia ghorofani, yaani safisha maadui wa juu, nyota. Tukakaa tukatafakari mpaka chalii wa Kibosho akagundua kwamba katikati ya maneno yetu kuna herufi zinazofanana na matusi ya Kizungu. Ugonjwa wa zamani huo, mwaka 1996 watu wa mji wa Scunthorpe kule Uingereza walikua hawawezi kujiandikisha AOL, kampuni ya intaneti, kwa sababu ya herufi nne zilizo ndani ya jina la mji wao. Miaka yote hiyo na bado neno mashitaka halipiti! Ila mtu akimtukania dogo mama yake kwa Kiswahili cha kueleweka, neno kwa neno, linapita jeupe bila hata doa.

Na hata mkiweka orodha ya matusi ya Kiswahili bado hamjafika. Chalii wa Kibosho ananiitaga Mpare bahili, risasi umezifungia kwenye sanduku la bibi, na mi namwambia nyie Wachaga mnaweza kuwauzia maadui zenu silaha ili mpate nauli ya Desemba. Ni utani, Wachaga na Wapare ni watani toka enzi, tusipotaniana ndo ujue tumegombana. Sasa mtu baki aje amwambie dogo maneno ya kabila lake kwa ile sauti ya dharau, maneno ni yaleyale. Nani atatenganisha hapo, mashine? Atatenganisha mtu aliyekulia huku. UNESCO wenyewe wanasema Kiswahili kina wasemaji zaidi ya milioni 200 na wametutengea siku yetu, tarehe 7 Julai, ambayo nyie mnaikumbukaga vizuri kwa kutuuzia skini ya bendera. Kumlipa mtu mmoja anayejua Kiswahili asikilize ripoti zetu mnaona gharama.

Kuhusu maiki sitasema mengi. Nikifungua mdomo wakasikia sauti ya kike, nusu ya mechi inageuka kuwa habari ya mimi, dada rudi jikoni, dada umeolewa, dada tuma picha, na ukikataa ndo unapigiwa yowe kwenye sikio mpaka mechi iishe au wanakuacha ufe makusudi. Kwahiyo nachezaga bubu. Gemu ya timu ya watu 4, inataka mawasiliano, mi naonyesha adui kwa kubonyeza alama kama mtu aliyeng'olewa jino. Wakidhani mi ni mwanaume tunashindaga kabisa.

Ninachotaka sio kingi. Mtu akikatika akarudi ndani ya dakika chache, na historia yake sio ya kutoroka, msimwadhibu, hata umeme na bando la bongo mviweke kwenye hesabu zenu, mnazo kumbukumbu zote za mtandao kwamba nilikatika ghafla sikubonyeza kutoka. Ripoti ikienda iangaliwe na mtu anayeelewa kilichosemwa, vijana wamemaliza chuo wamejaa vijiweni hapa, wanazijua gemu zenu kuliko nyie, wapeni hiyo kazi na mshahara unaoeleweka, msiwaite mabalozi mkawapa skini. Na mniambie mwisho wa ripoti yangu ulikua nini, hata kama mmeona mi ndo mwenye kosa niambieni tubishane. Halafu muwe makini na skwadi ya watatu wanaomripoti mmoja kwa pamoja ili afungiwe, nao ni ukomoaji uleule umevaa kofia ya sheria, najua kwa sababu mwenzetu yule aliyeishiwa bando ulimkuta huo.

Kwa wakubwa wa hapa nyumbani, TCRA wanaosimamia mawasiliano na wizara, nimeisoma Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, wateja wanaitoaga kopi kwangu ndo faida ya steshenari. Kifungu cha 23 kinakataza kumtumia mtu mawasiliano kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, faini isiyopungua milioni 5 au jela isiyopungua miaka 3 au vyote. Sitaki chalii wa mlangoni aende jela miaka 3 kwa kusimama mlangoni, hapana, na huyo wa lava nae sijui, siku nyingine nasema ndio siku nyingine hapana. Nimekitaja kwa ajili ya hilo neno nia, bunge limeliona, wenye gemu bado. Mkiwaita kikaoni waulizeni hilo. Na mkija mashuleni kufundisha usalama wa mtandao msiishie kwenye matapeli wa tuma kwa namba hii, watoto hizo wanazijua wanazichekaga, waambieni habari ya rafiki mpole anayewasaidia kujenga paa.

Dogo hajajenga tena. Wenzake wawili wameanza upya kwenye sava nyingine, wameanzia Meru, wanamuita aje awaonyeshe ule upande uliobomoka unaanzia wapi, bado anasema ana masomo.

Mi adhabu yangu iliisha ila pointi hamjarudisha. Namba ya ripoti mliyonipa nimeichapa, nimeilamineti, iko ukutani hapa steshenari juu ya bei za kopi. Wateja wananiuliza ni ya nini.